Mdomo kwa Mdomo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Yohana 1:12; 3 Yohana 1:13, 14; Wakolosai 4:7–9; 1 Wafalme 21:8–10; Mwanzo 27:18–27; Mwanzo 24:10–58; 1 Wakorintho 7:3–5; 1 Wathesalonike 2:17–3:10; Mathayo 18:15.

Fungu la kukariri: 2 Yohana 1:12. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti kabla ya kuendelea, kisha uliandike kwa mkono wako mahali utakapoliona kila siku juma hili.

Kata ya Ngokolo, mjini Shinyanga, alfajiri. Kabla ya kukoleza moto wa uji wa watoto, mama mmoja anaangalia simu yake. Mumewe yuko machimboni, upande wa Nyarugusu mkoani Geita, na huu ni mwaka wa tatu. Alipoondoka alisema atakaa miezi minne. Mvua zikianza atarudi kulima. Leo simu ina ujumbe mmoja: amepokea shilingi 52,000, jina la mumewe limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake salio jipya. Hamsini ni za matumizi, mbili ni za kutolea. Mume huyu hajawahi kusahau ya kutolea, na sisi tunaoishi huku tunajua jambo hilo dogo lina maana gani. Lakini mzee wa kanisa alipomwuliza kama baba watoto huwa anaandika, mama alijibu: "Anaandika kila mwezi, mzee. Ila barua yenyewe inatungwa na kampuni ya simu."

Kisa hiki hakikutoka katika nyumba moja. Tumekiunganisha kutokana na mambo ambayo wazee na mashemasi wa kike huyasikia wanapotembelea washiriki, nasi tutakirudia katikati ya juma.

Hatutajadili kama simu ni nzuri au mbaya. Mjadala huo umekwisha. Hata anayeihubiri vibaya simu hutangaza mahubiri yake kwa simu. Swali letu ni jembamba zaidi. Ninapomtumia mtu ujumbe, je, ujumbe huo unaandaa njia ya mimi kumfikia, au unanisaidia nisiende?

JUMAPILI
Karatasi na Wino

Soma 2 Yohana 1:12 na 3 Yohana 1:13, 14. Mtume Yohana alikuwa na mengi ya kusema. Kwa nini hakuyaandika yote?

Waraka wa pili wa Yohana ungeenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Umeandikwa kwa mama mteule na watoto wake. Wapo wanaomwona mama huyo kuwa ni kanisa, na wapo wanaomwona kuwa ni mama halisi mwenye nyumba yake; kwa somo letu yote mawili yanafaa. Mzee Yohana bado ana maneno mengi, lakini anaweka kalamu chini. Anasema anatarajia kuja ili waongee mdomo kwa mdomo, na hivyo hasa ndivyo Kiyunani chake kinavyosema. Sababu anaitaja wazi: ili furaha itimie. Kumbe waraka ulikuwa na furaha yake, ila haikuwa imetimia.

Usemi huo Yohana hakuutunga mwenyewe. Katika Hesabu 12:8 Mungu anatumia usemi kama huo kueleza jinsi anavyosema na Musa, tofauti na manabii ambao anasema nao kwa ndoto na kwa maono. Ndoto na maono ni njia za kweli, na Mungu mwenyewe ndiye aliyezitumia. Hata hivyo anaonyesha kwamba ipo njia iliyo ya karibu zaidi.

Angalia kwamba Yohana hakuudharau wino. Aliutumia, na ndiyo maana tunasoma habari zake leo. Mithali 25:25 inalinganisha habari njema itokayo mbali na maji ya baridi kwa mtu mwenye kiu, na mkazi wa Shinyanga katika mwezi wa tisa halihitaji mwalimu wa kumfafanulia fungu hilo. Mama yule wa Ngokolo anapoona ujumbe wa mumewe, moyo wake unakunywa. Hilo tusimnyang'anye.

Wazazi wetu nao walikuwa na karatasi na wino wao. Waliandika barua kwa sanduku la posta la shule au la misheni, barua zilizoanza na salamu ndefu kuliko habari yenyewe. Walituma kadi za salamu redioni, wakakaa jioni nzima wakisubiri jina lao lisomwe. Na kabla ya huduma ya kutuma pesa kwa simu kuanza Tanzania mwaka 2008, pesa ya mchimbaji mara nyingi ilisafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi au mwa jirani aliyekuwa anarudi nyumbani. Njia ile ilikuwa na hasara zake. Bahasha nyingine zilifika zikiwa nyepesi. Lakini aliyeleta bahasha alikaribishwa, akapewa maji, akakaa kwenye kigoda, akaulizwa maswali. Umemwonaje? Amekonda? Siku ya Sabato anapumzika, au anashuka duarani?

Paulo alikuwa na mtu wa namna hiyo. Soma Wakolosai 4:7–9. Barua iliandikwa, lakini mambo yanayomhusu Paulo mwenyewe hakuyaandika. Tikiko ndiye angewaeleza, naye alitumwa makusudi ili mioyo yao ifarijike. Barua ilikuwa mkononi mwa Tikiko, na hali ya Paulo ilikuwa kinywani mwake. Siku hizi pesa na habari vinafika kwa dakika moja. Tikiko haji.

Fikiri juu ya mtu mmoja unayempenda aliye mbali. Ni nani aliyemwona kwa macho hivi karibuni akaja kukueleza hali yake?

JUMATATU
Mhuri wa Ahabu

Soma 1 Wafalme 21:8–10. Ni nani aliyeandika nyaraka zile, na zilibeba jina la nani?

Yezebeli alitumia jina la mumewe na mhuri wake. Wazee wa mji wa Nabothi walipokea, wakauona mhuri, wakatenda. Biblia haituambii kwamba hata mmoja wao alitembea hadi kwa Ahabu kumwuliza. Mtu mwadilifu akapigwa mawe kwa sababu ya ujumbe ambao mwenye jina hakuuandika.

Hapa Tanzania karibu kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua ukimwambia kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii. Tumeufanya mzaha, lakini wapo waliotuma, na baadhi yao ni wajane. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabia kosa anayejifanya mtu mwingine kwa njia hiyo. Ila kuna udanganyifu ambao hakuna kifungu cha kuukamata, nao uko karibu nasi zaidi: mtu anayetumia jina lake halisi pamoja na maisha yasiyo yake. Picha amepigwa mbele ya gari la jirani. Maneno ya faraja ameyanakili mahali. Anaandika kwa upole ambao watoto wake hawajawahi kuusikia.

Sasa soma Mwanzo 27:18–27 polepole, ukihesabu. Isaka hakuona, lakini alisikia, alipapasa, alionja na alinusa. Alikuwa na njia nne za kumjua mwanawe, na bado alidanganywa. Zaidi ya hayo, njia moja ilimwambia kweli: aliitambua sauti. Aliuliza tena mara moja, akajibiwa, akaliacha shaka lake lipite kwa sababu chakula kilinukia vizuri na mavazi yalikuwa na harufu ya shamba. Kama mzee aliyekaa na wanawe tangu walipozaliwa alidanganywa akiwa amemshika mmoja wao mkono, wewe unayemjua mtu kwa picha na maandishi peke yake unapaswa kuwa na unyenyekevu kiasi gani?

Wengi waliotapeliwa kwa mapenzi ya simu husema baadaye kwamba kulikuwa na siku moja walipoisikia sauti ya Yakobo. Je, imewahi kukutokea? Ni kitu gani kilikufanya uliache shaka lako lipite?

JUMANNE
Kisimani

Vijana wetu wengi leo huanza kufahamiana na wachumba wao kwa simu. Kijana wa Ngokolo anaongea kwa miezi sita na binti aliyeko Arusha, hawajakutana, na tayari wanaitana baba na mama watoto. Kabla hatujawakemea, tusome namna nyumba ya Ibrahimu ilivyotafuta mke.

Soma Mwanzo 24:10–28. Mtumishi alitaka kuona nini kwa binti kabla ya kusema neno lolote juu ya ndoa?

Alisafiri na ngamia kumi, akasimama kisimani jioni, saa ambayo wanawake huja kuteka. Ishara aliyoiomba ilikuwa ni kazi. Ngamia waliotoka safari ndefu hunywa maji mengi mno. Kujitolea kuwanywesha wote ni kupanda na kushuka na mtungi hadi mikono iume. Rebeka alifanya hivyo kwa mgeni asiyemjua, bila kujua kwamba anatazamwa kwa ajili ya jambo kubwa. Mtumishi alikaa kimya akimwangalia. Kuna mambo ya mtu ambayo huonekana tu wakati hajajiandaa kuonekana, na picha ya simu ni jambo ambalo mtu amejiandaa.

Kijana makini darasani atauliza: mbona Rebeka naye alikubali kwenda kwa mwanamume ambaye hajawahi kumwona (Mwanzo 24:58)? Ni swali la haki. Hakumwona Isaka, lakini alimwona mtu aliyeishi katika nyumba ya Isaka miaka mingi, aliyekataa hata kula kabla ya kueleza shauri lililomleta. Ndugu zake walimsikiliza na kumpima. Katikati yao alisimama mtu wa kujibu kwa pande zote mbili. Sisi tunamwita mshenga. Mshenga mzuri anazijua nyumba zote mbili, madeni yao, hasira zao na wema wao, na mambo yakiharibika anaitwa tena. Katika uchumba wa simu kila mmoja ni mshenga wake mwenyewe, na mshenga anayejisifia mwenyewe haaminiki hata kidogo.

Wapo washiriki wetu waliofahamiana kwa simu na ndoa zao zimesimama vizuri. Ukiwauliza, utasikia kwamba mapema kabisa mmoja alipanda basi. Alikwenda akasali Sabato katika kanisa la mwenzake, akaona anavyoongea na mama yake, akamwona siku amekosa pesa.

Kuna jambo la kusemwa waziwazi hapa, hata kama linaona haya. Vijana, hasa mabinti, wanaombwa picha za miili yao kama uthibitisho wa upendo. Mwanzo 2:25 inaeleza watu wawili waliokuwa uchi bila kuona haya, na fungu lililotangulia linaeleza sababu: walikuwa wameungana. Mwili ule ulikuwa ndani ya agano na mbele ya mtu mmoja. Picha ikishatumwa imetoka ndani ya ua, na hujui itasimama mikononi mwa nani. Sheria inaweza kumwadhibu aliyeisambaza, lakini huja baada ya machozi. Na iwapo imeshatokea kwa binti wa kanisa lako, tafadhali usiwe wa pili kuisambaza kwa kisingizio cha kuomba ushauri. Yesu aliinama akaandika chini huku waliomleta yule mwanamke wakiwa bado wamesimama (Yohana 8:6). Hakumtazamisha.

JUMATANO
Saa Nane Usiku

Soma 1 Wakorintho 7:3–5. Paulo anaruhusu mume na mke watengane kwa masharti gani?

Masharti ni mapatano, muda, na kusudi, ambalo ni maombi. Kisha wakutane tena, Shetani asije akapata nafasi. Dhahabu haimo katika orodha. Hatusemi hivi kumhukumu mchimbaji. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, lakini wengi wa waume na kaka zetu hawako ndani ya uzio huo. Wako kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kwenye makarasha na kwenye mialo ya kuoshea, kwa sababu mvua zilikosekana, ng'ombe waliuzwa, na ada haikusubiri. Wamekwenda kwa upendo. Swali ni kama mapatano na muda bado vipo.

Mume wa kisa chetu alisema miezi minne. Muda ule ulipita bila mapatano mapya, na hakuna aliyeona ulivyopita. Kama pesa isingefika na sauti isingesikika, mwezi wa tano mke angekwenda kumtafuta, au wazee wangetuma mtu. Lakini simu iliita kila baada ya siku mbili. Ilitosha kidogo, na kidogo kile kikaizuia safari. Hatari kubwa ya simu katika ndoa pengine haiko katika uongo unaopita ndani yake. Iko katika kutosha kwake kidogo.

Mwaka wa tatu majibu ya mume yakawa mafupi. Mke anaandika habari ya mtoto aliyefaulu, jibu linakuja: "Poa." Anauliza kama ni mzima: "Nipo." Anaomba waonane kwa video: kamera imeharibika. Saa nane usiku anaona mumewe yuko hewani, alama za buluu zinaonyesha ujumbe umesomwa, na jibu haliji. Asubuhi anaambiwa alikuwa duarani. Ni kweli kwamba chini ya duara hakuna mtandao. Ni kweli pia kwamba maneno hayo hayana namna ya kuhakikiwa. Wanandoa wengi wanalifahamu giza hilo, wakisoma nukta na alama kama waganga wanavyosoma matumbo ya kuku.

Naye mama hakuwa peke yake. Katika kundi la maombi la WhatsApp kulikuwa na ndugu mmoja wa mji mwingine aliyemwandikia pole, kwanza mbele ya wote, baadaye pembeni, baadaye usiku. Maandishi yake yangeweza kusomwa mimbarani. Mafungu, sala, na swali ambalo mumewe hakuwa ameuliza kwa muda mrefu: umekula? Hakukuwa na neno baya hata moja. Lakini mama alianza kuyafuta kila asubuhi, na alipojiona anafuta jumbe zisizo na kosa, akaelewa zinaelekea wapi. Hilo ndilo lililompandisha basi.

Kutoka Shinyanga kupitia Kahama na Kakola, ukiwahi basi la asubuhi, unalala machimboni. Alimkuta mumewe amekaa nje ya kibanda, mkono wa kulia ameuficha chini ya shati. Karasha lilikuwa limechukua vidole vitatu, mwaka mmoja na nusu uliopita. Hakutaka mke ajue. Alikuwa anaandika kwa kidole gumba cha kushoto, na ndiyo maana jumbe zilikuwa neno moja moja. Usiku alikosa usingizi kwa maumivu, akasoma jumbe za mkewe tena na tena, akashindwa kuandika jibu analoliona linatosha.

Hatusemi kila atakayekwenda atakuta hivyo. Wapo waliokwenda wakakuta nyumba ya pili na mtoto anayetambaa. Lakini wote waliokwenda walijua walipo, na mtu anaweza kuomba, kusamehe, au kuitisha wazee akijua alipo. Mama yule naye aliyasema yake usiku uleule, mkono ule ukiwa umelala mapajani pake. Hakuna simu ambayo ingeyabeba maungamo yale mawili kwa pamoja.

ALHAMISI
Timotheo Alitumwa

Soma 1 Wathesalonike 2:17–3:10. Orodhesha maneno yote yanayoonyesha kwamba Paulo alitaka kuwaona kwa uso.

Paulo alitoka Thesalonike usiku, akiliacha kanisa changa (Matendo 17:10). Alikuwa mwandishi hodari wa nyaraka kuliko wengi, lakini alipokuwa Athene na kushindwa kuvumilia, jambo la kwanza hakutuma waraka. Alimtuma Timotheo, akakubali kubaki peke yake. Waraka uliandikwa Timotheo aliporudi, ukajaa habari alizozileta, na hata ndani yake Paulo anaomba usiku na mchana apate kuwaona.

Makanisa yetu mengi yana kundi la simu, na faida zake ni kubwa. Msiba ukitokea saa tano usiku, kufika alfajiri mchango umekusanywa na gari la kubebea mwili limepatikana. Mgonjwa akihitaji damu, vijana wako hospitalini kabla ya uji. Katika mambo hayo ujumbe umewainua watu na kuwapeleka mahali.

Kuna upande mwingine. Mama wa Dorkasi amelala wiki ya tatu. Kundi limejaa mikono ya kuomba, mia na zaidi, na kila aliyeiweka amehisi ametembelea. Chumbani kwake amekuja mtu mmoja. Wazee wetu wa Kisukuma hawakuijua salamu ya namna hiyo. Mwangaluka ya asubuhi ilitaka usimame. Ilitaka magoti ya mkwe na jibu la mzee, ikafuata habari ya nyumba, ya watoto, ya ng'ombe na ya mvua, na katikati ya kuulizana sauti ya mtu ilivunjika ukajua kuna jambo. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wamwombee juu yake na kumpaka mafuta. Mafuta hayatumiki kwa mtandao.

Soma pia Mathayo 18:15. Yesu anamtaka aliyekosewa aende, na aende wakiwa wawili tu. Ujumbe wa sauti wa dakika saba, uliorekodiwa kwa hasira na kuachwa katika kundi la watu mia mbili, umevunja amri hiyo mara mbili: hakwenda, na hawakuwa wawili. Anayeusikiliza anasikia hasira, lakini aliyekosa hakupata nafasi ya kumwona mwenzake akitetemeka mikono. Mara nyingi ni ile mikono inayotetemeka ndiyo inayomvuta mtu kwenye toba.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mwezi Mei mwaka 1876 Ellen White alikuwa Oakland, California, akiandika habari za maisha ya Kristo. Mumewe James alikuwa amesafiri upande wa mashariki kwa kazi ya kanisa. Walikuwa wameoana tangu Agosti 1846, karibu miaka 30. James alikuwa amedhoofishwa na maradhi ya kupooza yaliyompata zaidi ya mara moja, na hali yake ilimfanya awe mkali. Barua kati yao zikawa na maneno ya kuchoma. Ellen aliumia, akamwandikia rafiki yake mpendwa Lucinda Hall barua kadhaa za kumweleza uchungu wake juu ya mumewe. Baada ya siku chache tu alijuta. Alimwandikia James kuomba msamaha kwa maneno yaliyomhuzunisha, na akamwandikia Lucinda azichome barua zile. Kabla mwezi haujaisha alisafiri kwa treni hadi Kansas, akaungana na mumewe kwenye makambi, wakafanya kazi pamoja majira yale.

Barua hazikuchomwa. Zimehifadhiwa, na hatimaye zimechapishwa kwa wote wanaotaka kuzisoma. Wengine huona aibu kwamba mjumbe wa Bwana alikuwa na juma kama lile katika ndoa yake. Sisi tunaona mke aliyeandika zaidi ya alivyopaswa, akaungama upesi, kisha akapanda treni. Nawe uliyewahi kumtumia rafiki picha ya mazungumzo yako na mumeo, ukidhani ataifuta, unamwelewa vizuri.

Kuhusu wale wawili wa Ngokolo: walikaa na mzee wa kanisa, wakaweka muda mpya kwa mapatano. Wiki nane machimboni, wiki mbili nyumbani, na asipokuja yeye, mke atakwenda. Pesa imepungua kwa sababu ya nauli. Wapo wanaopitia Mwanza, nao tangu Juni 2025 hawasubiri tena kivuko cha Busisi, wanapita darajani. Njia imekuwa fupi kuliko wakati wowote, na hicho kisingizio nacho kimeondoka.

Maswali ya Kujadili

1. Mume wa kisa chetu alificha jeraha kwa upendo. Je, kumficha mwenzi wako maumivu ili asihangaike ni upendo, au ni kumnyima haki inayotajwa katika 1 Wakorintho 7:3–5? Wanandoa waliotengana kwa ajili ya kazi watangulie kujibu, wengine wasikilize.

2. Mama alifuta jumbe zisizo na neno baya. Kwa nini kufuta kulimweleza zaidi kuliko maneno yenyewe? Msitaje majina.

3. Mchungaji wa mtaa hawezi kufika kila machimbo. Je, kanisa lenu lingemtuma nani kuwa Tikiko kwa washiriki walioko Geita, awapelekee barua na kurudi na habari zao?

4. Kabla hamjatawanyika Sabato hii, darasa litaje mshiriki mmoja ambaye kwa miezi mitatu mmemjua kwa simu tu. Amueni nani atakwenda, siku gani, na nauli itatoka wapi. Mtumieni ujumbe sasa hivi kumwambia kwamba mnakuja.